Msimpachike jina bwana wa kwenye picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Masasi anayetaka yule bwana wa karne ya 18 mliyemchapisha, mwenye nywele za bandia na vifungo vinavyometa, atafutiwe jina kwenye orodha ya wakubwa wa Uingereza, eti koti lile si la mtu wa kawaida. Mimi nachora mabango hapa Mikindani. Rangi ya mafuta ndiyo inayonilisha, na koti silitegemei hata kidogo.

London ya wakati ule picha iliuzwa kwa kipimo. Mwaka 1764 mchoraji maarufu Joshua Reynolds alitoza gini (sarafu ya dhahabu ya Uingereza) 30 kwa kichwa na mabega, 70 kwa nusu mwili, 150 kwa mtu mzima hadi viatu. Tena mchoraji huyo alishughulika zaidi na uso. Nguo aliwaachia mafundi wa kuajiriwa, mmoja wao Peter Toms, na mara nyingi koti lilivalishwa sanamu ya mbao, mteja keshajiendea zake. (Kwangu pia kijana ndiye anayejaza herufi, lakini sifa tunagawana.) Koti linaweza kukutajia mwaka, lakini jina, hapana.

Huko Exeter, Uingereza, ipo picha ya mwanamume Mwafrika mwenye koti jekundu. Watu walishikilia kwamba ni Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akaja kuandika kitabu cha maisha yake, na kwamba ni mkono wa Reynolds, wakambandika kwenye majalada ya vitabu. Kumbe mavazi yale ni ya mwishoni mwa miaka ya 1750, na Equiano, kwa maelezo yake mwenyewe, alizaliwa 1745: alikuwa bado mtoto! Isitoshe, kitabu chake cha 1789 kina sura yake ukurasa wa mbele, angeweza kulinganisha yeyote. Baadaye wakaja wengine na jina la Ignatius Sancho, mwandishi mwingine Mwafrika wa London, na mchoraji akageuka kuwa Allan Ramsay badala ya Reynolds. Huenda safari hii wamepatia. Ila yule wa kwanza aliyeandika Equiano naye hakuwa na shaka.

Hata sisi tunao ugonjwa huo. Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, basi kila ukuta wa zamani unamdai. Mwenye nyumba mmoja alitaka nimwandikie kibao kwamba Livingstone alilala kwake. Nikamwambia tuanze na "inasemekana". Akalalamika kwamba neno lenyewe refu na mimi natoza kwa herufi. Nikamwandikia bure, hilo moja.

Kwa hiyo, Mhariri, mwacheni aitwe bwana asiyejulikana. Mkimchapisha tena, wekeni na vipimo vya turubai kwa inchi. Ikiwa ni 30 kwa 25, tutajua alilipia kichwa na mabega tu.

Mchora mabango,
Mikindani, Mtwara