Historia ya Kilindini isiwasahau makuli

Mhariri,

Kila bandari ya Kilindini inapotajwa katika kurasa za gazeti lenu, habari huwa ni ya urefu wa gati, kina cha maji na idadi ya makontena. Sina ugomvi na takwimu hizo. Linaloniuma ni kwamba waliobeba mizigo ya bandari hiyo hawatajwi, na wazee wanaoweza kuwasimulia wanatutoka mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya gati za kwanza za maji ya kina kuanza kazi mwaka 1926, meli kubwa zilitia nanga mbali na pwani, shehena ikateremshwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, na kufikishwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Hata winchi zilipoanza kuinua mzigo kutoka ngamani, ndani ya tumbo la meli, aliyeupokea, akaupanga bohari na kuupakia kwenye mabehewa ya reli alikuwa ni kuli.

Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa akitoka Majengo kabla ya alfajiri, gunia lililokunjwa likiwa begani na kulabu ya chuma kiunoni, akasimame langoni asijue kama ataitwa. Meli zisipoingia hapakuwa na ujira, na mwenye nyumba alitaka kodi yake vilevile. Wakoloni waliwalaumu vibarua hawa kwa uvivu, ilhali ni mfumo wa kazi wenyewe uliowataka wawe wengi siku ya meli nyingi na kuwatupa siku ya meli chache.

Kwa hiyo mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947 haukuzuka hivi hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia gharama za maisha zilikuwa zimepanda na mishahara imebaki nyuma; makuli, watu wa reli, wa hoteli na hata watumishi wa majumbani wakaacha kazi kwa pamoja kwa siku 12, wakikutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wa shirikisho lao la wafanyakazi, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Miaka yote niliyokaa darasani sikusikia kiwanja hicho kikitajwa hata mara moja.

Kontena lilipokuja, kazi ya kundi zima kwa siku kadhaa ikawa ya kreni na watu wachache kwa saa chache, na makundi ya makuli yakavunjika pamoja na nyimbo na majina ya kazi zao.

Naomba gazeti lenu litenge nafasi ya kuwahoji wazee hao, na Makumbusho ya Fort Jesus iwe tayari kupokea picha na vifaa vilivyobaki majumbani. Kulabu ya babu bado ninayo, mpini wake umelainika kwa kushikwa, na nitaileta siku nitakayoambiwa pa kuipeleka.

Msomaji wenu,
Mombasa