Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi wa habari,

Yale ambayo kila mmoja wetu anayafahamu nitayapitia haraka. Kamati ya utendaji ilikaa mara 5, tulitembelea mwalo wa Igombe kuwaona konokono wanaoeneza kichocho, na tuliwaaga wenzetu 2 waliohamia Dodoma. Tulianza mwaka tukiwa na akiba ya shilingi 6,480,000, tukakusanya ada 1,150,000, tukatumia 5,970,000 na kubakiwa na 1,660,000.

Katika matumizi hayo, shilingi 4,800,000 zilikwenda kwenye mafunzo ya siku 5 ya uandishi wa habari za afya na sayansi kwa wanachama 12 wenye uzoefu wa miaka 10 au zaidi. Imesemwa sana, mara nyingi nisipokuwepo, kwamba fedha hizo zingefaa zaidi vijana na kwamba sisi wakongwe tulifuata posho, kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili. Wazo lilikuwa langu, na katika kikao cha Machi nililitetea karibu peke yangu hadi wenzangu wakaridhia. Vijana wetu wanahitaji mafunzo, sikatai, lakini habari ya kijana hupita kwenye dawati la mkongwe, na mkongwe ndiye anayeikata, anayeipa kichwa na anayeamua iende hewani au isiende. Sisi wa zamani hatukosi ufundi wa kuandika. Tumezidiwa na mazoea. Imesemwa pia kwamba mwenyekiti alijiteua. Nina miaka 22 kazini, hivyo nilitimiza sharti lile lile lililowahusu wengine. Kama kuna waliokuja kwa ajili ya posho, ni wale 2 ambao hawakurudi baada ya chai ya siku ya kwanza, walipobaini kwamba kinacholipwa ni nauli tu.

Walioendelea hawakupoteza muda wao. Siku ya tatu mkufunzi alituwekea mezani matokeo ya utafiti uliofanyika humu humu mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, uliopima iwapo kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Alimtaka kila mmoja aandike kichwa cha habari, na karibu wote tukaandika kwamba maambukizi yalipungua kwa asilimia 40, hesabu ambayo si ya uongo. Kisha akauliza: kutoka wangapi hadi wangapi? Katika miaka 2, walioambukizwa walikuwa 1.9 kwa kila watu 100 katika jamii za kulinganishia, na 1.2 katika zile zilizopata huduma. Mwenzetu mmoja wa redio, mwenye miaka 19 kwenye kazi hii, aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni mwa shati, akasema kwamba swali hilo hajawahi kumuuliza mtaalamu yeyote. Tulielezwa pia kuwa utafiti uliofuata wilayani Rakai, Uganda, ambako watu walitibiwa kwa pamoja bila kusubiri dalili, haukuona upungufu huo. Na mimi binafsi, niliyewahi kutangaza matokeo ya Mwanza kana kwamba mjadala umefungwa, niliona haya.

Kuhusu mahudhurio, sitaficha masikitiko yangu. Kati ya wanachama 64, leo nawaona 19 ukumbini, na waliolipa ada ya shilingi 50,000 ni 23. Miongoni mwa waliohoji fedha za mafunzo zilikwendaje, wapo ambao mhazini hajawahi kuwakatia stakabadhi tangu mwaka uanze. Wana haki ya kuuliza, lakini na wao wanadaiwa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia na wafadhili wakipatikana, tunatarajia kuendesha mafunzo ya vijana, ambayo wakongwe wale 10 wamekubali kuyafundisha bila malipo. Tarehe itatangazwa.

Mhazini ameketi karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi, na atabaki hapo hadi saa 10 jioni.