Risala ya Halmashauri ya Walei kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuchangia Ukarabati wa Kanisa la Parokia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, mapadre na masista, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya waamini wa parokia hii tunakushukuru kwa kukubali kuja huku bonde la Lukuledi katika msimu ambao kila kaya inawaza mnada wa korosho. Kabla ya kukuomba chochote, tunaomba utuvumilie tukueleze jengo hili limetoka wapi, maana ombi letu linatokana na namna lilivyojengwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria nchini Ujerumani, walifika Dar es Salaam mwaka 1888, na kituo chao cha Pugu kikashambuliwa Januari 1889. Huku kusini walifungua kituo cha Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni mwishoni mwa Agosti 1905, vituo vyote viwili viliharibiwa, na Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha katika kuikimbia Nyangao; tarehe 14 ya mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne walikuwa wameuawa huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Tunalitaja hili bila kumlaumu mtu. Waliochoma vituo walikuwa babu zetu, waliochoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa, na waliokimbia pamoja na wamisionari nao walikuwa babu zetu. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakaa benchi moja.

Kituo cha Ndanda kilifunguliwa mwaka 1906. Vita vikuu vya kwanza vikaja, na Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yakapigana vibaya sana pale Mahiwa, karibu na Nyangao. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, sala zilibaki mikononi mwa makatekista, watu waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, na ambao majina yao hayakuchongwa popote kwenye jiwe.

Kanisa hili ni la tatu kusimama mahali hapa. Mawili ya kwanza yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, na yaliisha kama nyumba zetu za zamani zilivyoisha, kwa moto na kwa mchwa. La tatu likajengwa kwa matofali ya kuchoma. Udongo ulichimbwa kule bondeni, akina mama wakateka maji, na watoto wa shule wakabeba matofali kichwani kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Wazee wetu wanalisimulia hilo kwa kicheko, lakini hawajasema hata siku moja kwamba waliulizwa kama wanapenda. Ukiinama kwenye nguzo ya pili kushoto, mahali lipu ilipobanduka, utaona tofali lenye alama za vidole vitatu vidogo vya aliyelinyanyua likiwa bado bichi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utakuwa umeona matao. Tofali haliwezi kuvuka uwazi mpana bila kushikiliwa na mbao au chuma. Chuma kilikuwa cha kuletwa kwa meli, na mbao ni chakula cha mchwa. Tao linaupokea uzito wa juu na kuushusha pembeni hadi kwenye nguzo, matofali yakibanana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana tangu lijengwe hakuna hata tao moja lililolegea. Kuta ni nene kupita urefu wa mkono hadi kiwiko, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kupenya, na yale matundu yaliyopangwa chini ya paa, ambayo wageni hudhani ni mapambo, hutoa hewa ya moto iliyopanda juu. Misa ya saa nne hapa haihitaji feni. Ubaya wake ni popo, ambao nao wameyapenda matundu hayo.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Miaka michache iliyopita, tulipoona lipu ya chokaa inamomonyoka, tulichanga, tukanunua saruji, tukapiga lipu ngumu kuanzia msingi hadi usawa wa madirisha. Siku ile tulipiga vigelegele. Hatukujua kwamba ukuta wa namna hii, uliojengwa kwa udongo na chokaa, huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu. Saruji imeuziba. Maji yamebaki ndani ya matofali, yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inayavunja. Karibu na mlango wa sakristia, ukigonga kwa kidole unasikia mlio wa mtungi mtupu, na ukibandua kipande, unga mwekundu unamwagika kiganjani.

Wapo wenzetu wanaosema libomolewe, lijengwe jipya la tofali za saruji, pana zaidi. Tumewasikiliza, kwani ni kweli siku za Pasaka nusu ya waamini husali nje chini ya mwembe. Lakini halmashauri imeamua kwamba matao na nguzo ni vizima, na mgonjwa wa ngozi hakatwi mguu. Upanuzi utajadiliwa baadaye, upande wa kaskazini, bila kugusa ukuta wa zamani.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kuibandua saruji yote, kuupa ukuta muda wa kukauka kiangazi kizima, kisha kupiga lipu ya chokaa. Tunaomba pia mifereji ya kukinga maji ya paa, maana kwa sasa mvua ya masika inadondokea msingini moja kwa moja, na kubadilisha kenchi mbili za paa zilizoliwa na mchwa upande wa altare. Zaidi ya fedha tunahitaji fundi: waashi wetu wote wamejifunza kwa saruji, na tungependa aje mzoefu wa chokaa afanye kazi na vijana wetu sita waliojitolea. Jumuiya zimekwisha kukusanya mchanga na mawe, na makadirio ya kazi yote yamo kwenye bahasha utakayokabidhiwa na Mwenyekiti. Baada ya ibada tutakuzungusha ukutani ujionee mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, Halmashauri ya Walei