Makato yasiyo na jina kwenye akaunti ya mstaafu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule ya sekondari, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nimelazimika kuandika kwa sababu ya habari mliyoichapa wiki iliyopita katika ukurasa wa biashara, kuhusu wateja wa benki wanaolalamikia makato wasiyoyafahamu, ambamo msemaji wa benki aliachwa aeleze, bila kuulizwa swali la pili, kwamba wateja hujiunga wenyewe na huduma za mtandaoni kisha wakasahau. Mwandishi wenu alipaswa kumuuliza jambo moja tu: huyo mteja aliyesahau atakumbushwa na nini, ikiwa karatasi anayopewa na benki haitaji jina la kitu alichojiunga nacho?

Mwezi Julai 2024 nilikwenda tawini kuomba taarifa ya akaunti yangu, ambayo wengi huiita statimenti, kwa kuwa nilikuwa nimeona pensheni yangu inapungua kabla sijaigusa. Nilizilipia kurasa zile, maana benki yangu hutoza kwa ukurasa. Karibu kila mwezi palikuwa na mstari wa herufi kubwa zilizobanwa pamoja bila nafasi, katikati pana nyota, kisha mfuatano wa tarakimu, kisha jina la mji wa ughaibuni ambao sijawahi kuukanyaga. Januari nilikatwa shilingi 12,614, Machi shilingi 12,897 na Juni shilingi 13,205, na chini ya kila mstari ulikuwepo mwingine mdogo wa ada ya muamala wa fedha za kigeni. Kwa kuwa kiasi hakikulingana hata mara moja, niliamini kwamba kadi yangu imeangukia mikononi mwa wezi wanaonunua vitu mbalimbali, na usiku ule sikulala.

Nilipolifikia dirisha, binti aliyekuwepo aliniambia kwa upole, "Mwalimu, haya ni manunuzi ya mtandaoni, umeyafanya mwenyewe kwa kadi yako, na sisi tunaona hivyo hivyo unavyoona wewe." Simlaumu, kwa sababu alisema alichofundishwa kusema. Lakini nilirudi mara ya pili nikajazishwa fomu, nikarudi mara ya tatu nikaambiwa aliyeipokea fomu yuko likizo, na badala ya jibu nikashauriwa kuifunga kadi na kulipia nyingine mpya. Katika safari zote tatu, kutoka Chumbageni hadi tawini na kurudi, pamoja na saa nilizokaa kwenye kiti nikingoja namba yangu iitwe, hakuna mtu hata mmoja aliyejaribu kunieleza zile herufi zina maana gani, wala aliyeniambia kwamba kiasi kinaweza kubadilika kila mwezi ilhali bei ni ile ile, jambo ambalo lingenipunguzia hofu kwa dakika moja, na ambalo mtu yeyote anayefanya kazi na kadi hizi analijua kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake.

Nililigundua mwenyewe, mezani kwangu, kwa kalamu na karatasi. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vya kubadilishia fedha kila siku ya kazi, nami niliyagawanya makato kwa kiwango cha dola cha tarehe husika. Kila mara jibu lilizidi dola 5 kwa senti chache tu. Hapo nikaelewa kwamba hawakuwa wezi watatu bali mdai mmoja anayedai kwa dola, na kwamba kilichopanda na kushuka kilikuwa shilingi yetu. Nikaingia katika barua pepe yangu na kutafuta, safari hii si kwa kiasi cha shilingi nilichokuwa nimekihangaikia siku nyingi bila kupata kitu, bali kwa tarakimu 4.99, nikikisia kwamba bei yenyewe iko chini kidogo ya dola 5. Stakabadhi zikajitokeza zote tisa, zimejificha kwenye kapu la matangazo. Ilikuwa programu ya kupamba picha niliyoipakua Oktoba 2023, tulipokuwa tukitengeneza picha za arusi ya mpwa wangu. Iliahidi siku saba za bure, ikaomba namba za kadi kwa maelezo kwamba ni uthibitisho tu, nami baada ya siku mbili nikaifuta kwenye simu nikidhani mambo yamekwisha. Kumbe kuifuta programu kwenye simu hakufuti malipo yake. Ni lazima uingie katika duka la programu, utafute sehemu ya malipo na usajili, na usitishe huko. Jina la programu lilikuwa moja, jina la kampuni iliyoitengeneza lilikuwa jingine kabisa, na lile lililofika kwenye statimenti yangu halikufanana na lolote kati ya hayo mawili. Zaidi ya shilingi 110,000 zilikuwa zimekwenda.

Baadaye nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ya mifumo ya malipo, naye akanieleza jambo lililonikasirisha kuliko makato yenyewe. Kila muamala wa kadi hubeba namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara: 5816 ni michezo ya kidijitali, 5817 ni programu za kidijitali, na 5968 ni biashara za kujiunga na kukatwa mara kwa mara. Namba hiyo huifikia benki ya mteja pamoja na muamala. Basi si kweli kwamba benki inaona ninachokiona mimi. Benki inaona zaidi, kisha inanichapia pungufu, na inanitoza kwa ukurasa.

Nikiwa hapo hapo, niseme pia juu ya simu, kwa maana ugonjwa ni ule ule. Jirani yangu muuza vitumbua hana kadi wala akaunti ya benki, lakini kila akiweka salio la shilingi 1,000 hukuta sehemu yake imeliwa na huduma ya ujumbe wa matokeo ya mpira ambayo haijui ilianza lini. Mama huyu hafuatilii mpira. Alipopiga simu huduma kwa wateja aliambiwa kwamba mfumo unaonyesha alikubali mwenyewe, maneno yale yale niliyoambiwa mimi dirishani, na tofauti yetu ni kwamba yeye hana hata karatasi ya kukokotolea.

Msemaji wa benki katika habari yenu alidai pia kwamba hali ni hivyo dunia nzima. Si hivyo. Nchini India, tangu tarehe 1 Oktoba 2021, benki kuu yao inataka mwenye kadi ajulishwe angalau saa 24 kabla ya makato ya kujirudia, akiwa na nafasi ya kuyakataa. Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, anayeuza huduma za kujiunga kwenye tovuti analazimika kuweka kitufe cha kusitisha mkataba mahali kinapoonekana waziwazi. Wala tusiambiwe kwamba kampuni za nje hazifikiki. Sheria yetu ya Fedha ya mwaka 2022 iliwataka watoa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi wajisajili kwa ajili ya kodi ya ongezeko la thamani, na ikaweka kodi ya asilimia 2 juu ya malipo ya huduma za kidijitali. Ikiwa Serikali imepata njia ya kuwafikia wakati wa kudai kodi, naomba iitumie njia hiyo hiyo kuwadai majina yao halisi kwenye statimenti za wananchi.

Tunazo tayari kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, nami nimezifuata kwa kulalamika kwanza kwenye benki yangu. Ninachoomba kiongezwe si kikubwa. Siku moja kabla ya kukatwa, mteja apate ujumbe wa Kiswahili unaotaja jina la programu kama alivyoiona siku aliyojiunga, kiasi kwa dola na makadirio yake kwa shilingi, na namba ya kujibu neno SITISHA bila gharama. Kwenye statimenti, makato yanayojirudia yachapwe pamoja katika sehemu yake, si kutawanywa kati ya maji, umeme na fedha za kutolea kwa wakala. Kurasa anazoziomba mteja kwa ajili ya kufuatilia makato asiyoyatambua zisilipiwe. Na katika wiki ya pensheni, kila tawi litenge dirisha moja lenye mtumishi aliyefundishwa kuzisoma herufi hizo, kuanzia saa mbili asubuhi, kwa sababu wazee ndio wanaofika mapema na ndio wanaoambiwa wamesahau.

Fomu yangu bado iko tawini na sijajibiwa. Nimeambatisha nakala yake pamoja na kurasa nne za taarifa ya akaunti, namba za akaunti nimezifuta kwa wino. Naomba mwandishi wenu aende nazo kwa msemaji yule na kumtaka amsomee, kwa sauti, jina la kampuni lililoandikwa kwenye mstari wa Machi.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga