Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za Baraza ukaja skuli kwetu.

Mwaka huu klabu yetu ilisoma juu ya mabunge ya majimbo ya Nigeria. Nigeria ina majimbo 36, na kila jimbo lina bunge lake, Spika wake na sheria zake. Katiba ya 1999 inataka bunge la jimbo liwe na wajumbe wasiopungua 24 na wasiozidi 40. Lagos na Kano wamefika hao 40. Hata Katiba ya nchi haibadilishwi mpaka theluthi mbili ya mabunge hayo, yaani 24, yaridhie.

Mheshimiwa, nguvu hiyo ni kubwa, na ndiyo maana yaliyotokea Oyo yalitushughulisha sana. Mwezi wa Disemba 2005, wajumbe 18 kati ya 32 wa bunge la jimbo hilo walikutana hotelini mjini Ibadan, nje ya ukumbi wao, wakaanza safari ya kumng'oa Gavana Rashidi Ladoja. Januari 2006 wakatangaza kuwa ameondoka. Katiba inadai theluthi mbili ya wajumbe wote, na kwa bunge la watu 32 hao ni 22. Ladoja alikwenda mahakamani, na Disemba 2006 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa kuondolewa kwake kulikuwa batili. Akarudi ofisini. Tuliposoma kesi hii darasani palikuwa na ubishi mrefu, maana baadhi yetu walidhani wingi wa kura unatosha. Hautoshi. Utaratibu ndio unaomlinda hata yule asiyependwa.

Mdahalo uliofuata ulihusu fedha. Kwa miaka mingi bunge la jimbo lilipata fedha zake kupitia kwa gavana, yule yule linalotakiwa kumkagua. Mwaka 2010 Bunge la Taifa lilipeleka kwa majimbo pendekezo la kuyapa mabunge hayo fungu lao wenyewe, na mabunge hayo hayo yakalikataa! Upande uliotetea ulisema wajumbe waliwaogopa magavana. Upande wa pili haukupata jibu la kuuridhisha ukumbi, na hadi leo sisi tunaona hofu ndiyo sababu. Ilipofika 2018 wakakubali, na mwezi Juni mwaka huo Rais Muhammadu Buhari akatia saini.

Rivers nayo ilituhuzunisha. Gavana na wajumbe walio wengi waligombana kwa muda mrefu, jengo la bunge likaungua moto Oktoba 2023, kisha likabomolewa mwezi wa Disemba. Machi 2025 Rais Bola Tinubu alitangaza hali ya hatari, akamsimamisha gavana, naibu wake na wajumbe wote kwa miezi sita. Wananchi waliopiga kura wakabaki bila mwakilishi hata mmoja katika bunge lao la jimbo.

Lakini lipo lililotupa moyo. Sheria ya 2018 ilishusha umri wa kugombea ujumbe kutoka miaka 30 hadi 25, na mwaka 2023 Rukayat Shittu alichaguliwa katika bunge la Kwara akiwa na miaka 26. Wasichana wa klabu yetu wamebandika habari zake ukutani. Wanajua pia kuwa katika uchaguzi huo huo Kano haikupata mwanamke hata mmoja kati ya wajumbe wake 40.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, maktaba yetu haina kumbukumbu rasmi za mijadala ya Baraza la Wawakilishi, na tunapotaka kulinganisha tunategemea magazeti. Tunaomba utusaidie kupata nakala, hata za miaka iliyopita. Pili, tunaomba wanaklabu waruhusiwe kuhudhuria kikao kimoja cha Baraza huko Chukwani, hasa cha bajeti, ili tuone Waziri akiulizwa maswali na namna anavyoyajibu.

Kwa niaba ya wanaklabu wote, tunaomba kuwasilisha. Ahsante.