Barua kwa mwanangu: bandeji mbili kwenye begi

Morogoro, 14 Septemba

Mwanangu Neema,

Picha za Magnetic Island, huko Australia, zimefika. Ya koala nimeionyesha mtaa mzima mpaka bibi yako kasema sasa basi. Ile nyingine sijamwonyesha mtu. Umeandika chini yake, "Mama, nyoka huyu hana neno, amelala tu kwenye majani," na mguu wako unaonekana pembeni, umevaa ndala.

Hana neno? Mfupi, mnene, kichwa cha pembetatu, ncha ya mkia nyembamba kama kiwavi. Huyo wenyeji wanamwita death adder. Kulala ndiko kuwinda kwake. Hujifukia kwenye majani makavu, akatikisa ile ncha ili mjusi adhani ni mdudu, na mtu akipita hakimbii kama nyoka wengine. Ndiyo maana hukanyagwa. Najua ulimfananisha na kifutu, na hapo ndipo roho yangu haitulii, maana kifutu nilikufundisha mwenyewe: akikuuma, usifunge jeraha.

Kwa hapa nyumbani ni sahihi. Sumu ya kifutu hula nyama, ukiibana mahali pamoja unaizidishia madhara. Lakini huyo wa huko kafanana na kifutu kwa sura tu. Ukoo wake ni wa koboko na swila, kama karibu nyoka wote wa hatari wa nchi kavu huko Australia. Sumu yao husafiri. Ya death adder hulegeza misuli, mwisho hata ya kupumulia. Ya nyoka wa kahawia huvuruga kuganda kwa damu, na mtu anaweza kuanguka ghafla. Sumu hizo hupita kwenye njia za limfu, yale majimaji ya mwilini, na limfu husukumwa na misuli inapofanya kazi. Kwa hiyo huko unafunga, na unatulia. Nilikupa nusu ya somo. Nusu ya pili ndiyo hii.

Nunua bandeji za kuvutika, zile nzito, upana wa sentimita 10 hadi 15. Mbili, Neema, na zikae kwenye begi la kutembelea, si kwenye droo ya bweni. Aliyeumwa anakaa au kulala palepale. Bandeji ya kwanza inazungushwa juu ya jeraha. Ya pili inaanzia vidoleni na kupanda mguu mzima hadi kinenani, au mkono mzima hadi kwapani. Suruali usiivue, funga juu yake, kwa sababu kuivua ni kuuchezesha mguu. Ikaze kama unavyofunga kifundo kilichoteguka, kidole kisipenye kirahisi chini yake, lakini vidole vya mguu visibadilike rangi. Weka alama ya kalamu juu ya bandeji pale jeraha lilipo. Kisha banzi: fimbo, tawi, hata gazeti lililokunjwa, ufunge pamoja na mguu ili viungo visipinde. Piga 000, namba ya dharura ya huko.

Watu hukosea wapi? Hufunga kipande kifupi juu ya jeraha tu. Hufunga kamba nyembamba ya kuzuia damu, mguu ukaumia bure. Hulegeza bandeji njiani kwa kuwa mgonjwa anasema hajambo, na sumu yote iliyokuwa imezuiliwa ikaachiliwa kwa mpigo. Bandeji haifunguliwi mpaka hospitali yenye dawa ya sumu. Na kubwa kuliko yote, hutembea kulifuata gari. Usitembee hatua hata moja. Gari likufuate wewe. Usioshe jeraha, usichanje, usinyonye, wala usimfukuze nyoka ili kumpiga picha. Meno ya nyoka wa kahawia ni mafupi, jeraha laweza kuonekana kama mkwaruzo na lisiume. Usisubiri uvimbe. Kope zikilegea au ukiona vitu viwiliviwili, ujue sumu imeshafika.

Na gharama isikuzuie kuita gari la wagonjwa. Nakujua unavyohesabu senti, umefanana na mimi. Soma bima yako ya wanafunzi leo, ukurasa wa gari la dharura, ulijue jibu kabla hujalihitaji.

Umesema pia mmeokota popo mkubwa aliyeanguka chini ya mwembe. Moyo wako mzuri, lakini usimguse tena. Popo wa huko wanaweza kubeba kirusi ndugu wa kichaa cha mbwa, na wanaoruhusiwa kuwashika ni waliochanjwa. Akikukwaruza, hata kidogo, hapo kanuni inageuka: jeraha la popo unaliosha, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukiangalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Nyoka usioshe, popo osha. Liandike ukutani.

Safari ya msitu wa Daintree sikukatazi. Ningekuwa na umri wako ningekwenda. Ila mamba wa maji chumvi, jina lisikudanganye, hupanda mito mpaka kwenye maji baridi. Kaa mita 5 au zaidi kutoka ukingoni, na usichote maji mahali pamoja mara mbili, maana hukaa akisoma mazoea yako. Ukikutana na kasowari, yule ndege mkubwa asiyeruka, usikimbie. Rudi nyuma polepole ukiwa umelishika begi mbele ya kifua, kwa sababu silaha yake ni ukucha wa kidole cha ndani. Begi lilelile lenye bandeji. Baharini, kuanzia Novemba ni msimu wa konyeza wenye umbo la boksi. Ogelea ndani ya wavu, uvae lile vazi la kubana mwili mzima. Mwenzako akichomwa, mwagieni siki angalau sekunde 30, msisugue, na kama hapumui mkandamizeni kifua bila kungoja mtu mwingine.

Viatu. Vile ulivyoomba mwezi Machi nikakujibu kwamba ni anasa, pesa yake nimeituma jana. Chukua vinavyofunika kifundo, na soksi nene. Usinunue kitu kingine.

Huku mvua bado. Bati la jikoni lililokuwa likivuja fundi amelibadilisha, amedai misumari mara mbili nikampa mara moja. Kuku tumewachanja mdondo, amekufa mmoja tu. Mdogo wako Baraka ana mtihani wa kidato cha nne Novemba, hesabu zinamsumbua. Mpigie Jumapili, wewe anakusikiliza kuliko mimi. Bibi presha yake imeshuka, ila chumvi anaitafuta kwa siri. Anauliza kama koala analiwa. Nimemwambia hapana, hajaridhika, ongea naye mwenyewe.

Picha ijayo nataka nione miguu yako ndani ya viatu, na hizo bandeji zimewekwa kando yake. Mbili.

Mama yako