Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Waliotoka Kilindini Februari 1944

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zangu na taadhima. Leo sikuandikii habari ya maji wala taka. Naomba jiwe la ukumbusho kwa askari wetu waliozama baharini.

Jioni ukipita Mama Ngina, pale ufukweni, utawakuta watu wamekaa wanakula muhogo wa kukaanga, na meli zinapita karibu hata mtoto anazipungia mkono. Mlango huohuo wa bandari ya Kilindini ndio uliopitiwa na meli ya Khedive Ismail mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikielekea Colombo na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo wauguzi wa kike pia. Msafara ulikuwa na meli tano za abiria. Siku ya msiba zililindwa na Hawkins, manowari kuukuu yenye asili ya vita vya kwanza, na manowari mbili ndogo zenye mbio, Paladin na Petard.

Tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu hivi. Aliyekuwa chini, kwenye vyumba vya ndani, angepanda ngazi ngapi kwa dakika tatu?

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Nyambizi ilijificha chini ya watu walionusurika, pale pale walipokuwa wakielea. Kazi ya meli za kusindikiza ilikuwa kuiua kabla haijazifuata zile nne zilizobaki, na silaha ya kuifikia huko chini ilikuwa mapipa ya baruti yanayolipukia majini. Mshindo wake majini humpasua mtu matumbo. Wakayatupa. Baadhi ya waliokuwa wakiogelea, ambao dakika chache kabla walidhani wanakuja kuokolewa, waliuawa na walinzi wao wenyewe.

Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ilitaka kuigonga kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikaishia kupasuka ubavu. Mizinga ya Petard haikutosha kulitoboa gamba la nyambizi, basi ikaanza kurusha topido moja moja. Sita zikakosa. Ya saba ikaipasua I-27. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 hawakurudi.

Mheshimiwa, Petard ina sifa zake. Oktoba 1942, katika Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama wakatoa vitabu vya siri vya mawasiliano. Wawili, Fasson na Grazier, walizama nayo. Vitabu vile vilisaidia kufumbua mafumbo ya Wajerumani, na habari hiyo imeandikwa mara nyingi, kwa haki kabisa. Sina kinyongo na meli ile. Ila naona ajabu kwamba karatasi zilizookolewa zinajulikana kuliko vijana wetu waliozama mbele ya macho yake.

Utaambiwa kuna ukumbusho Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Ni kweli, na umetunzwa vizuri. Lakini Nairobi haina bahari, na wale hawakuondokea Nairobi. Waliiaga nchi kavu hapa, na huenda wengi wao, waliolelewa bara, ndio kwanza walikuwa wanauona mlango wa Kilindini.

Ombi langu ni jiwe moja la kimo cha mtu mzima Mama Ngina, likitazama njia ya meli. Maandishi yatangulie kwa Kiswahili, lugha ya amri na ya porojo katika jeshi lile, lugha nyingine zifuate. Majina yaandikwe yote yatakayopatikana, bila kujali cheo. Meli zilizowasindikiza zitajwe pia, na yale mapipa ya baruti yatajwe. Najua ofisini atatokea mtu wa kusema hilo liondolewe lisiudhi wageni. Nakusihi usikubali. Nahodha aliyetoa amri ile alikuwa na meli nne nyingine za kulinda. Mimi simhukumu, lakini mjukuu wa askari ana haki ya kujua babu yake alikufa vipi.

Tarehe 12 Februari ijayo, ukiona inafaa, tuite tu imamu, padri na mzee mmoja wa Keya, lile jeshi la King's African Rifles, kama bado yupo. Maua ya kutupa majini nitayaleta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ganjoni